Mi na We kwenye Kodi ya Ilyasi

Picha ilipotokea kwenye kioo, Yasmina alishika ukingo wa meza. Protini ilikuwa imejikunja vizuri, na wavu wa buluu, uliochorwa kutokana na vipimo, umeikumbatia kila upande. Lakini dawa haikuwepo.

Aliizungusha picha, akaivuta karibu, akatafuta tena. Masomo yake yote yalisimama juu ya jambo moja: kwamba dawa fulani inaingia kwenye tundu la protini ya kimelea cha malaria na kukaa humo. Fuwele za protini hiyo zilipelekwa Ulaya kupigwa miale, vipimo vikarudi kwa mtandao. Kabla ya mfungo, yeye na kaka yake Ilyasi waliiona dawa ile kwa macho yao, wakapiga kelele hadi mama akaja mbio na mwiko mkononi. Sasa msimamizi wake, Profesa Audace, alitaka picha ileile kabla ya alasiri, aipeleke kwa jury ya watahini. Bila picha, hakuna kutetea kazi mwaka huu.

Na Ilyasi hakuwepo wa kuulizwa. Arobaini yake ilikuwa bado. Sebuleni kwao Nyakabiga mikeka ya matanga ilikuwa imesimamishwa ukutani, na waliochelewa kusikia habari waliendelea kuja kutoa pole.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa dhaifu kwa kazi kama hiyo. Ndiyo maana walitumia daftari la mtandaoni: unaandika amri hapa, kompyuta kubwa ya mbali inazitekeleza. Ilyasi, aliyesomea kompyuta, alimwandikia humo vipande vya kodi, yaani amri za kompyuta zilizo tayari, vya kutumia tena na tena, kimoja cha kufungua faili, kingine cha kuchora wavu. "Usiandike upya kila siku kama mutu wa azabu," alimwambia. "Chukua kipande, badirisha jina la faili, endelea."

Tangu wamzike hakuwa amelifungua daftari lile. Leo alifanya kama alivyofundishwa. Juu ya kipande palikuwa na mistari miwili ya kuwekea majina ya faili, mmoja ukianza na mi, mwingine na we. Kwenye mi aliweka faili lake. We hakuigusa. Mkono ulikataa.

Alirudia kipande kuanzia juu. Picha ileile, tundu hakuna, dawa hakuna. Taa ikafifia, ikarudi. Labda siku ile waliona walichotaka kuona. Labda Ilyasi alipiga kelele kwa kumhurumia tu.

"Yasmina!" mama aliita. "Wageni wamefika. Njoo salimia."

"Nakuja, mama."

Hakuinuka. Aliyeingia ni Dévote, mwenzake wa darasani, viatu mkononi kwa heshima ya msiba. Aliinama mbele ya kioo, akaguna.

"Sasa we unalilia yai?"

"Yai gani?"

"Si hii? Protini ya ute wa yai, ya mazoezi. Tuliichora mwaka muzima, mi naijua hata nikiwa na usingizi. Prof ataona unamutumia omeleti."

"Apana, Dévote, usinitanie. Faili nimeweka langu. Angalia, mi, hili hapa."

Dévote aliburuta kiti. Akasoma mistari polepole, midomo ikicheza, hadi wa mwisho ulioamuru kuchora.

"Inachora we," alisema. "Haichori mi."

"Lakini mi ni mi."

"Mi ni nani?"

"Mi, Yasmina."

"We ndiye uliyeandika hii kodi?"

Yasmina alitikisa kichwa.

"Aliandika Ilyasi," Dévote alisema, sauti imeshuka. "Mi ni yeye, mahali pa kuweka mfano wake. We ni we. Halafu akajaribisha yai mu nafasi yako, akaliacha humo."

Yasmina aliutazama mstari wa pili. Alikuwa amelikwepa neno lile kwa sababu alidhani we ni Ilyasi. Akafuta jina la yai, akaandika la faili lake. Kijiduara kilizunguka, mtandao ukasita, Dévote akaanza kusali kwa Kirundi.

Picha ikaja. Aliivuta karibu, karibu zaidi, hadi kwenye tundu. Dawa ilikuwa humo, imelala kwa ubavu, wavu umeibana pande zote.

Alituma picha kwa Audace bila hata kuandika salamu.

"Ule mustari wa mi, sasa hauna kazi," Dévote alisema. "Ufute, kodi ibaki safi."

"Apana. Uache."

Akarudisha kwenye mi jina aliloliweka Ilyasi, herufi kwa herufi, akahifadhi. Kisha akajifunga mtandio na kwenda sebuleni. Mama alimsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Mulipiga kelele siku ile," mama alimnong'oneza. "Leo kimya. Haiko?"

"Iko, mama. Iko palepale."