Hatua Kumi na Mbili Kutoka Kwenye Tangi

Usiku wa jana niliota narudi kutoka mashineni, ndoo ya unga kichwani, nawahi kumnyonyesha mwanangu Tunu. Njia ya kwetu siikosi hata nikifumba macho: unakata kona kwenye tangi la bluu la jirani yangu Bi Saumu, unahesabu hatua kumi na mbili, unagusa mlango.

Nikahesabu. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa.

Nyumba naiona, iko hatua tano kulia. Ndani Tunu analia. Nataka kwenda, miguu inakataa.

"Umefika, Mama Tunu," linasema tangi. "Ingia."

"Nyumba ile pale."

"Mimi nyumba siijui. Najua kumi na mbili."

Nikalitazama jua. "Usinisingizie," likasema. "Mimi nimechomoza upande wangu wa siku zote."

Mlangoni petu amesimama njiwa jike, kajifunga kanga yangu, mguuni kashika futi ya fundi.

"Tumeisogeza kidogo tu," anasema kwa upole. "Tulihitaji pa kuanika."

"Mtoto ana njaa."

"Kwani nyumba huioni?"

"Naiona. Nashindwa kufika."

"Basi atanyamaza akichoka."

Hapo ndipo nilipoogopa, maana maneno hayo yalikuwa yangu. Jana asubuhi nilisogeza kibanda cha njiwa hatua tano nipate pa kufunga kamba ya nguo. Bi Saumu akaniambia makinda wanalia, mama yao anatua pale pa zamani. Nami nikamjibu hivyohivyo, tena huku nacheka.

Uwanja unageuka mto, unageuka mashine ya kusaga, unarudi kuwa uwanja. Mimi bado nimesimama kwenye kumi na mbili. Kilio kinakuwa chembamba. Kinakwaruza. Kinakoma.

Nikaamka. Tunu alikuwa amelala ubavuni kwangu, mzima. Kulikuwa kumeanza kupambazuka.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kurudisha kibanda."

Uwanja niliufagia jana jioni. Sasa ulikuwa na nyayo za mtu peku, kumi na mbili kutoka kwenye tangi, zikaishia si mlangoni petu bali pale kilipokuwa kibanda kabla sijakisogeza. Nikaweka mguu juu ya unyayo wa mwisho, ukaingia sawasawa. Kando yake alikuwa amejikunyata njiwa jike, kaelekeza macho mahali patupu.

Nikaikata kamba ya nguo, nikakiburuta kibanda hadi mahali pake, nikapeleka mkono ndani. Kinda mmoja alikuwa ameshapoa. Wa pili akafungua mdomo.