Kava ya Msumeno

Mimi ni mfagiaji, na usafi ndio ulioniponza. Naweka hili wazi mapema, mtu asije akanihurumia kabla hajasikia nilichofanya.

Miaka sita nimefagia karakana ya mbao. Maranda, vumbi, gundi iliyoganda sakafuni, vyote vilinijua. Mafundi waliniita Dada Fagio na sikununa, kwa kuwa nikishapiga deki walipita kwa kujibana ukutani wasinichafulie. Mdogo wangu wa tumbo moja alifanya kazi humo humo, kwenye msumeno wa umeme. Yeye walimwita Rula, maana alikuwa akitazama ubao kwa jicho moja anakwambia urefu wake, ukipima humkosoi. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa tajiri.

Msumeno ule ulikuwa na kava ya chuma ya kufunika meno. Tajiri aliamuru ifunguliwe, eti inachelewesha kazi, mbao zinakwama. Ikaegemezwa nyuma ya kabati la rangi, ikakaa huko miezi mitatu hadi ikashika vumbi nene. Wote tuliiona. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuufunga.

Asubuhi ya ajali nilikuwa nje namwaga taka. Nikasikia msumeno umebadilisha sauti, kisha kimya. Nilipoingia, Rula alikuwa amekaa chini, mkono wa kulia ameubana kifuani, ananitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. "Dada, usiangalie," akaniambia. Vidole vitatu, jamani. Vitatu vya mkono wa kulia.

Fundi mkuu alimkimbiza hospitali. Mimi nikabaki, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Sikuweza kuvumilia watu waikanyage damu ya mdogo wangu. Nikachota maji, nikaosha sakafu, nikasugua meza ya mashine mpaka ikang'aa. Nikaitoa kava nyuma ya kabati, nikaifuta vumbi lote kwa kitambaa kibichi, nikaomba spana nikaifunga mahali pake, nalia huku nakaza nati. Nilijiambia, asije akaumia mwingine. Tajiri akapita, akanikuta, akasema kazi nzuri, mama. Miaka sita hajawahi kunisifu. Ningekuwa na akili zangu ningeshtuka.

Mkaguzi wa usalama kazini alikuja baada ya siku nne. Akakuta mashine safi na kava imefungwa. Tajiri akamwambia haijawahi kutoka, huyo bwana aliingiza mkono kwa papara zake. Fundi mkuu akaangalia viatu vyake. Wengine wakajitia hamnazo, kila mtu ana watoto nyumbani. Nikamweleza mkaguzi ukweli wote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama kuna mwingine wa kuthibitisha, maana mimi ni dada mtu. Nikageuka kuwatazama wenzangu. Karakana nzima ghafla ilikuwa na kazi ya haraka.

Nikamvuta nyuma ya kabati nimwonyeshe alama ya vumbi pale ilipoegemezwa. Huko nako nilikuwa nimefagia.

"Mama," akasema taratibu, "mtu akiumia kazini, anapelekwa hospitali kwanza, halafu kila kitu kinaachwa kama kilivyo. Na majina ya waliokuwepo yanaandikwa siku hiyo hiyo, kabla hawajatishwa." Akaandika sababu ya ajali: uzembe wa mfanyakazi.

Neno hilo lilimfungia Rula milango yote. Fidia hakupata, na karakana nyingine wakishaisoma barua yake ya kuachishwa kazi yenye neno hilo wanamwambia apite siku nyingine. Lakini kilichommaliza ni neno lenyewe. Alikuwa akikaa kitandani mchana kutwa, mkono uliofungwa bendeji ameulaza mapajani, anauliza, "Mimi, Dada? Mimi mzembe?" Mimi namfunga vifungo vya shati. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Siku ile, kabla hajaondoka, mkaguzi alinipa namba yake. Alisema nikiiona kava imefunguliwa tena, nisiiguse, nimwite. Akiikuta nyuma ya kabati kwa macho yake, atalifungua upya faili la Rula. Picha nisingeweza kupiga, simu zetu huachwa langoni kwa mlinzi. Basi nikafagia miezi miwili jicho likiwa kabatini.

Jumatatu moja tajiri akaleta mtu mpya kwenye msumeno, mwanamume wa makamo, mcheshi, anaimba huku anapanga mbao. Kufika saa nne kava ilikuwa imesharudi nyuma ya kabati. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda mbio langoni, nikampigia mkaguzi. Akasema yuko mbali, atafika Jumatano asubuhi, nisiguse kitu, ni siku mbili tu.

Siku mbili tu. Nilimnong'oneza yule mgeni ajihadhari, msumeno huu umekula vidole vya mdogo wangu. Akacheka, akasema mikono yake ina macho. Jumatatu ikapita salama. Jumanne akapewa vipande vya miguu ya viti, na vipande vifupi ndivyo vinavyovuta mkono. Nikawa nafagia mahali pamoja tu, karibu naye, nahesabu vidole vyake kila akisukuma. Kumi. Kumi. Kumi. Nikauwaza uso wa Rula siku neno lile litakapofutwa, nikapiga moyo konde, nikaendelea kufagia. Kisha akageuka kumtania mwenzake huku anasukuma, kidole gumba kikapita kando ya meno, ulibaki unywele tu. Yeye hata hakujua.

Nilizima umeme ukutani. Nikaichomoa kava nyuma ya kabati, nikaifunga. Mgeni akauliza kulikoni. Nikamwambia hii haitoki, na akija yeyote kumwagiza aitoe, huyo anayeagiza aiandike amri hiyo na atie sahihi. Tajiri akatoka ofisini, akaona, akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba mkaguzi anakuja kesho, basi kava akaiacha. Unga wangu ukamwagika hivyo hivyo, na sikujali.

Nyumbani nilimkuta Rula anajifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamweleza yote bila kujitetea. Kwamba kesho mkaguzi atakuta kava iko mahali pake, ataandika kuwa ipo, na neno lile litabaki kwenye faili lake mpaka tutakapozikwa. Kwamba nilikuwa na siku moja tu ya kuvumilia, ikanishinda.

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nati ya nyuma huwa inalegea," akasema mwishowe. "Uliikaza?"

"Niliikaza."

Akaitikia kwa kichwa, akanigeuzia kifua nimfunge vifungo.