Kitu Kisichohamishika

"Mimi siwezi kubishana na saruji, mama," alisema afisa ardhi, akigonga kwa ncha ya kiatu zege lililozunguka bomba la mtaa. "Mwaka ulioandikwa huu hapa. Hesabu mwenyewe. Mtaa wenu una miaka tisa."

"Zege hili ndilo lenye miaka tisa," alisema Mama Kokoto. "Mara ya nne hii nakwambia. Zege la kwanza lilipasuka, likamwagwa jingine. Aliyelimwaga huyu hapa, muulize. Au na yeye humwoni mpaka aandikwe tarehe kifuani?"

Watu walicheka kidogo. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni mpaka kona ya duka la simu, na tangu asubuhi hakuna aliyechota.

Aliyeonyeshwa kidole alikuwa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, kofia mkononi. Alikohoa kwanza. Vumbi la mawe lilimwingia kifuani ujanani na halikutoka.

"Ni mimi, mheshimiwa. Nilipomaliza kusawazisha nikaandika mwaka. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwashi anaweka mwaka saruji ikiwa mbichi, ili kazi ikija kuharibika ajulikane wa kulaumiwa."

"Basi leo umejulikana," alisema mwenyekiti wa mtaa.

Safari hii hakucheka mtu.

Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani kwa kinyozi, na hata wasiojua kusoma walikuwa wameshalishika kichwani. Greda lingekuja Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano. Mtaa wenye zaidi ya miaka kumi na miwili, kila kaya ingepewa kiwanja kingine na fidia. Ambao haujafika miaka hiyo, wakazi wake ni wavamizi, na mvamizi hapewi kitu isipokuwa muda wa kutoa vyombo.

Karatasi walikuwa nazo. Risiti za kodi, bili za maji, vyeti vya watoto vyenye jina la mtaa. Miezi miwili nyuma mwenyekiti alipita mlango kwa mlango na gunia, akakusanya zote kwa uhakiki. Jana Mama Kokoto alipomfuata kuzidai, alijibiwa kwamba panya hawana adabu siku hizi.

"Hapa palikuwa machimbo," alisema sasa, akimgeukia afisa. "Shimo tupu. Nimekuja mimi na huyu na nyundo mbili. Nimekaa juani nagonga mawe, malori yanakuja kuchukua kokoto yanapeleka mjini. Hospitali kubwa, ile benki ya ghorofa nane, hata hiyo ofisi yako unayokaa chini ya feni. Kokoto ya msingi wake imepita kwenye nyundo yangu."

"Unayo risiti?"

Karani wa afisa, msichana aliyebeba faili kwa mikono miwili kama sinia, alitazama chini.

Mawe yalipokwisha, wenye machimbo waliondoa mashine zao. Wagonga kokoto walibaki. Hawakuwa na pa kwenda. Akaja mama mmoja na benchi na birika la chai. Mwingine akaleta cherehani. Mwalimu aliyefukuzwa kazi akafungua shule ya mabati yenye darasa moja. Barabara kuu ilipopitishwa juu yao, wakaja wachomeleaji, wauza vitanda, mafundi simu, na spika za muziki zinazoshindana kutoka kila mlango. Sasa mtu hakuvuka njia bila kumshika mtoto mkono. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba shimo lile liko mahali pazuri.

"Nisikilizeni," alisema afisa, akitazama saa. "Maneno kila mtu anayo. Sheria inataka kitu kisichohamishika, chenye tarehe. Nionyesheni kimoja tu kilichotangulia hili zege, nitakiandika mbele yenu. Nipo hapa mpaka saa sita."

Ilikuwa saa tano kasorobo.

Watu wakaanza kupiga kelele. Ukuta wa shule! Ukuta wa shule ulibomolewa ukajengwa wa tofali. Nguzo ya umeme! Nguzo ya mti iliondolewa, ikaja ya zege, mwaka juzi tu. Ngazi za zahanati! Ngazi zilitiwa vigae. Fundi cherehani alitaja kizingiti cha nyumba yake, kisha akakumbuka mwenyewe na kujipiga paja. Kila walichokuwa nacho walikuwa wamekitengeneza upya. Mabati yaligeuka tofali, tofali likapigwa plasta, plasta ikapakwa rangi. Watu wa mtaa huu waliona aibu kuacha kitu kikawa kikuukuu.

Mama Kokoto alimtazama mumewe. Fundi alikuwa tayari anamtazama yeye.

"Hapana," alisema kwa sauti ya chini.

"Sijasema kitu."

"Miaka thelathini na sita nimekaa na wewe. Hapana."

Mama Kokoto alimpita. "Mheshimiwa, njoo," alisema bila kugeuka, akashika njia ya nyumbani. Afisa alisita, lakini umati ulikuwa umeshafungua njia, ikawa hana budi kuifuata.

Nyumba yao ilikuwa hatua hamsini kutoka bombani. Chumba cha mbele kilikuwa saluni ya binti yao: kioo kirefu, picha za mitindo ukutani, kiti kimoja cha kuzunguka. Kitini alikaa mteja aliyesukwa upande mmoja. Upande wa pili nywele zilisimama wima.

"Sogeza kiti," alisema Mama Kokoto.

"Mama, nina mtu hapa. Nimemfikisha nusu."

"Nusu yake haitakimbia. Sogeza."

Binti aliwaona waliomfuata mama yake: afisa, karani, mwenyekiti, baba yake anahema, na nyuso za mtaa mzima zimejaa mlangoni na dirishani. Akaacha kitana. "Kuna nini?"

"Chini ya kiti hicho amelala kaka yako."

Mteja alinyanyuka haraka, taulo shingoni.

Mama Kokoto alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma orodha. Mtoto wao wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Kwenye makaburi ya mjini walitaka barua ya kiongozi wa mahali wanapoishi. Waliokaa machimboni hawakuwa na kiongozi, wala hapakuwa mahali. Walienda mara mbili na mtoto ameviringishwa shuka, wakarudishwa mara mbili, na jua lilikuwa kali. Wakamzika kwenye kona ya kibanda. Fundi alikoroga ndoo moja ya saruji, akamimina juu yake zege lisilozidi ukubwa wa mto wa kulalia. Mafuriko yalipokuja wakapandisha sakafu, yaliporudi wakaipandisha tena.

"Na mwaka aliandika?" aliuliza fundi cherehani kutoka dirishani.

"Aliandika. Kwa mkono uleule wa bombani. Themanini na tisa."

Minong'ono ilipita mlangoni ikatoka mpaka barabarani. Mtu alipiga makofi, akanyamazishwa.

Binti alikuwa ameegemea kioo. "Miaka sita nasukia watu hapa. Mama, miaka sita nafagia hapa, na hamkusema."

"Utanigombeza baadaye. Una haki."

Afisa alipangusa jasho. Mwenyekiti alimsogelea akamnong'oneza sikioni, na alipomaliza uso wa afisa ulikuwa umetulia.

"Kwanza poleni," alisema. "Pili, kufukua kaburi bila kibali ni kosa la jinai. Mnaandika barua idara ya afya, wanatuma mtu. Wiki sita hivi."

"Ijumaa ni keshokutwa."

"Najua."

"Simfukui mtoto. Nafunua mwaka."

"Ukigusa kaburi umegusa kaburi, mama. Nitakufunga. Sipendi, lakini nitakufunga."

"Mama wa watu," alisema mwenyekiti kwa upole, "mtu mzima hulinda heshima yake. Utamwaga aibu ya nyumba yako mbele ya watu kwa ajili ya wapangaji wa juzi?"

"Wewe ndiye wa juzi," alimjibu. "Ulikuja hapa na godoro kichwani. Tukakupokea."

Fundi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama makucha ya nyundo. "Mwache alale. Tulikuja na nyundo mbili, tutaondoka nazo. Mimi na wewe tumebakiza nini? Watakufunga, nitabaki na nani?"

"Ijumaa greda litapita hapa," alisema Mama Kokoto. "Litamkanyaga mwanangu na dereva hata hatajua kwa nini limeyumba. Bora mimi."

Aliutoa mkono wake polepole, bila kumsukuma. Mtaimbo ulikuwa nyuma ya mlango pamoja na fagio. Aliuchukua, akasogeza kiti mwenyewe kwa goti, akapiga magoti palipokuwa na miguu ya wateja. Nywele za bandia zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Alizikusanya kwa kiganja na kuziweka kando.

"Mama, nakuonya mbele ya mashahidi," alisema afisa.

Alipanua magoti apate nguvu. Akanyanyua mtaimbo.

"Si hapo," alisema Fundi.

Aligeuka. Mumewe alikuwa ameweka kofia kifuani na macho yake yalikuwa sakafuni.

"Sogea kushoto. Shubiri mbili kutoka ukutani. Piga kwa ubavu, usichome kwa ncha. Utavunja maandishi."

Alisogea. Alipima shubiri mbili kwa kiganja chake, akauweka mtaimbo ubavu, akapiga. Sakafu ililia mlio mtupu na ufa mwembamba ukakimbia mpaka chini ya kioo. Binti alifunika mdomo. Akapiga tena, na kipande cha saruji, chekundu kwa nta ya miaka mingi, kikaruka mpaka kwenye kiatu cha afisa.

"Andika!" afisa alimwambia karani. "Saa tano na dakika kumi. Mbele yangu, baada ya kuonywa, ameharibu… andika."

Karani alifungua faili. Kalamu ilifika kwenye karatasi ikasimama.

"Niandike ameharibu nini, bosi?" aliuliza. "Kaburi, au sakafu? Nikiandika kaburi, itabidi niandike na mwaka wake."

Afisa alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama mlango, ambao haukuwa na nafasi ya mtu kupita.

Mama Kokoto aliingiza vidole kwenye ufa, akang'oa tabaka la kwanza, akalitupa nyuma yake. Kisha akanyanyua mtaimbo kuanza la pili.