Mara Mbili Kwenye Kuba

Tangu alfajiri Mannubiya hakukaa kitako. Alifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa, akapanda darini kutazama upande wa jangwani, akashuka, akapanda tena. Simu ya mumewe, Sasi, haikupatikana. Jana alikuwa amewapeleka watalii kwenye matuta ya mchanga, upepo ukavuma usiku kucha, na sasa Ghadames nzima ilikuwa rangi ya vumbi.

Shemeji yake, Dhaw, akaingia na kundi la Wataliano, bashasha tele, vazi jekundu la harusi begani.

"Shemeji, vaa hili, ukae kwenye kuba kidogo tu. Nimeshawaahidi."

Kuba ni kile kijichumba chenye pazia pembeni mwa ukumbi. Mwanamke wa nyumba hukaa humo mara mbili: usiku wa harusi yake, na siku anapofiwa na mume, kupokea rambirambi. Dhaw alilijua hilo tangu utotoni, ila utalii ulikuwa umemtia upofu.

"Sikai."

"Picha tu, jamani! Picha inaua mtu?"

"Kaka yako hatujui alipo, nawe unataka unikalishe eda? Kamkalishe mkeo!"

Wageni wakatazamana. Dhaw akacheka kwa aibu. Ndipo Bi Zazia, mama yao Sasi na Dhaw, aliposhuka ngazi akishikilia ukuta, akamnyang'anya mwanawe lile vazi na kulivaa juu ya nguo zake.

"Nipisheni. Mimi nimeshakaa mara zote mbili. Hapa sidaiwi kitu."

Akaingia, akajiweka sawa, akawachekea wageni kwa ufizi mtupu. Wakapiga picha mpaka wakachoka. Hata Mannubiya alicheka, akajionea haya kwa kucheka.

Dhaw alipowatoa wageni, Mannubiya akamshika mkwewe mkono. "Haya mama, toka, nikupikie chai."

"Sitoki."

"Wameshakwenda, mama."

"Nimewaona wakienda. Chai niletee hapa hapa."

Macho ya bibi hayakubanduka mlangoni. Asubuhi nzima Mannubiya alikuwa amemwonea hasira kwa utulivu wake, kama kwamba Sasi hakuwa mwanawe.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka mwanangu aingie kwa mlango ule," alisema Bi Zazia, akalivuta pazia karibu yake. "Akija mwingine na habari mbaya, akute pana mtu. Wewe usipate pa kukaa."