Mkwe Aliyekosea Mbele ya Watu

Mzee Terkelin Tarigan alikuwa mzee wa kanisa, na Injili aliisoma kwa sauti ya kuwazindua waliosinzia. Kuisoma aliisoma, jamani. Kuielewa ni habari nyingine, na hiyo ilimfika Jumamosi moja asubuhi, akitayarisha somo la kesho yake, Jumapili ya Meza ya Bwana.

Lilikuwa somo lile la mtu anayeleta sadaka madhabahuni, kisha akakumbuka kwamba kuna mwenziwe ana kinyongo naye: aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza wakapatane. Terkelin alikuwa amelifundisha mara chungu nzima, na kila mara alimwona jirani fulani ndani yake. Siku hiyo akamwona Rembah, mke wa mwanawe.

Kisa ni shuka. Shuka la harusi la marehemu mkewe, lile jekundu la kufumwa, lilikuwa limepotea. Basi kwenye sala ya nyumbani, majirani wamejaa mkekani, Terkelin akasema wazi kwamba anajua liliko: mkamwana amewapelekea watu wa kwao. Rembah hakujibu. Angejibuje? Kwa Wakaro, kabila lao, baba mkwe na mkamwana hawasemezani, ni mwiko. Neno hupitia kwa mtu mwingine, na mtu asipokuwepo, huambiwa ukuta. Kisha Alhamisi shuka likaonekana chini kabisa ya pipa la mpunga, alikolificha Terkelin mwenyewe nondo wasilile. Uzee huo! Akalikunja, akanyamaza. Aliona haya kupita kiasi.

Mwanawe Pulumun alikuwa mjini Medan na lori la kabichi, hakuna wa kutumwa. Terkelin akaenda mwenyewe hadi mlango wa jikoni, alikokuwa Rembah akisaga pilipili, naye akasimama amempa mgongo.

"Ukuta," akasema, "mwambie shuka limeonekana. Mwambie nilikosea."

Jiwe la kusagia likanyamaza.

"Ukuta," Rembah akasema taratibu, "mwambie Bengkila, baba mkwe wangu, nashukuru. Lakini aliponiita mwizi hakukuambia wewe. Aliwaambia watu. Hata dukani sasa wananichunga mikono. Mwambie kesho kanisani nitakuja, ila mezani siendi. Nitaulaje mkate ule na moyo umefura hivi?"

Terkelin akarudi chumbani, akasoma tena. Tuseme kweli, alikuwa anatafuta upenyo: labda kupatana ni moyoni tu, labda yatosha kutubu kwa Mungu. Upenyo haukuwepo. Maandiko yalisema aende. Na kumwendea mkamwana, amsemeshe usoni mbele ya kanisa zima, kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili.

"Bwana," akanung'unika, "hivi mila zetu unazijua au huzijui?"

Jumapili ikafika, naye ndiye aliyebeba sinia la mkate. Alipokaribia meza akasimama. Mchungaji akamkonyeza asogee. Wapi! Terkelin akaliweka sinia kwenye benchi la mbele, akarudi hadi katikati ya viti, akampa mgongo Rembah kama mwiko unavyotaka.

"Wapendwa," akasema, "nina neno la kumfikia mkamwana wangu, na mwiko mnaujua. Nyinyi mlionisikia nikimwita mwizi, nyinyi ndio mnifikishie. Shuka nililificha mwenyewe, nikasahau. Nikalipata Alhamisi, nikanyamaza. Hakuiba. Nimemchafulia jina bure. Mwambieni namwomba anisamehe."

Kisha ajuza wa jirani aitwaye Nini Biring, yule aliyeieneza habari ile kuliko wote, akainuka na fimbo yake.

"Rembah wee! Anasema hukuiba! Na mimi na mdomo wangu huu, nisamehe, mwanangu!"

Wengine wakafuata, huyu kutoka kiti hiki, yule kutoka kile: hukuiba, Rembah, hukuiba. Terkelin aliinamisha kichwa na kusubiri.

Rembah akasimama, machozi yakimtiririka, hata hakuyafuta.

"Mwambieni Bengkila nimemsamehe tangu jana," akaanza. Akasita, akatikisa kichwa. "La. Niko kanisani, sitasema uongo. Mwambieni nimemsamehe sasa hivi."