Mkaguzi Aliyekosea Unabii

Kwa miaka kumi na mmoja Arvo Niskanen alishikilia kwamba Yaya Ilda ni muuaji, na watu elfu arobaini walimwamini Arvo.

Ilda hakuwa mtu wa damu na nyama. Alikuwa yaya wa mtoto wa mfalme ndani ya gemu iitwayo Ufalme wa Chumvi, mwanamke wa kilemba cha kijivu anayefua nguo kwenye ngome ya mfalme, ambaye mchezaji humpita mara mia bila hata kumtupia jicho. Sehemu ya kwanza ya gemu iliishia pabaya: mfalme kapewa sumu, mwanawe mchanga katoweka, na kikongwe mmoja wa kwenye kinu cha unga akasimama akatoa unabii, kisha skrini ikawa nyeusi.

Milango saba itafungwa, wa nane utajifunga.
Aliyelia kwanza ndiye atakayecheka mwisho.
Mwenye taji atarudi, mdogo kuliko mwanawe,
na chumvi itakumbuka kwamba ilikuwa bahari.

Baada ya hapo watengenezaji wakanyamaza. Mwaka ukapita, ikapita mitano, na mashabiki wakabaki na mistari minne ya kutafuna kama mbwa na mfupa.

Huko Thunder Bay, mji wa bandari kando ya ziwa, Arvo alikuwa mkaguzi wa ngano kwenye maghala ya bandarini. Kazi yake ilikuwa kumwaga ngano kwenye sinia, kuinusa, kuipekua kwa kidole, na kutamka: hii daraja la kwanza, hii la tatu, hii imeguswa na ukungu, irudi ilikotoka. Jicho hilohilo alilipeleka kwenye gemu. Kwenye baraza la mashabiki mtandaoni walimwita Mkaguzi, na Mkaguzi akishasema, maneno yamekwisha. Aliandika nadharia ya kurasa mia moja na kumi na mbili. Mwenye taji, alisema, ni yule mfalme aliyekufa. Atazaliwa upya akiwa mtoto mchanga, na ndiyo maana atakuwa mdogo kuliko mwanawe. Na aliyemtilia sumu ni Ilda, kwa sababu Ilda ndiye aliyekuwa analia katika onyesho la kwanza kabisa, kabla hata hakijatokea cha kuliliwa.

"Huyo mfua nguo wako kaua nani leo?" mkewe, Colleen, alikuwa na kawaida ya kumuuliza akipita na kikapu cha nguo.

"Yuleyule, mke wangu."

"Basi mwambie aje anisaidie kukunja hizi shuka, akimaliza kuua."

Colleen hakujua jambo moja, na baraza zima halikulijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka mitatu kabla ya sehemu ya pili kutoka, Arvo alipata ujumbe wa faragha kutoka kwa mwanamke wa Kenora, saa tano na ushei za barabara kuelekea magharibi. Jina lake Shawna Meekis, mfanyakazi wa mtambo wa kusafisha maji. Aliandika kwa adabu zote.

"Mzee Mkaguzi, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Ukienda kwenye chumba cha kufulia bila taa, mvua ikiwa inanyesha, Ilda anaimba kwa sauti ya chini sana. Nimeinasa. Naomba usikilize uniambie kama masikio yangu ni mazima, maana mimi kazini nasikia mashine siku nzima."

Arvo alivaa spika za masikioni akasikiliza. Sekunde arobaini. Mvua, maji ya beseni, na chini yake sauti ya mwanamke ikiimba kiapo cha kutawazwa. Katika gemu ile, kiapo hicho hakijulikani na mtu yeyote isipokuwa aliyevishwa taji. Shawna alikuwa ameongeza mstari mmoja tu: "Je, kama 'mdogo' si wa umri? Kama ni mdogo wa cheo? Malkia, ambaye hatumwoni popote, aliyejishusha akawa yaya wa mtoto wake mwenyewe, ili amlinde?"

Arvo alijua palepale. Alijua kama ajuavyo ngano yenye ukungu, kabla hata ya kuigusa. Kurasa mia na kumi na mbili zikawa karatasi za kuwashia moto wa sauna.

Lakini mwezi uleule alikuwa amealikwa kuzungumza mbele ya mashabiki mia nane ukumbini Toronto, na fulana zenye maneno ILDA MUUAJI zilikuwa zimeshachapwa. Akamjibu Shawna kwa mstari mmoja: ni kosa la mafundi wa sauti, wamebandika wimbo mahali pasipo pake. Shawna hakuridhika, akaiweka sauti ile barazani watu wote waisikie. Mkaguzi akarudia jibu lake. Ikawa kama ametupa nyama kwenye kundi la fisi.

"Dada Masikio kaja!"

"Kunywa maji yako ya mtambo ulale, bibie."

"Beseni langu nalo linaimba, nalo ni malkia?"

Wiki tatu hawakumwacha apumue. Neno moja la Arvo lingetosha kuwanyamazisha. Badala yake aliandika, "Tuwe na subira na wageni," maneno yaliyouma kuliko matusi yote. Shawna akajitoa barazani, na jina lake likafutika.

Tangu hapo Arvo hakuwahi kuingia kile chumba cha kufulia bila taa. Alijibu maswali, alitia saini fulana, alicheka na watu. Lakini kila alipoandika jina la Ilda aliacha chakula chake bila kukimaliza, na kila mtu mpya alipojitambulisha barazani alitazama haraka kama ni mtu wa Kenora.

Sehemu ya pili ikatoka mwezi wa Mei, Ijumaa ya ile wikendi ndefu ambayo watu wa Thunder Bay hufungua nyumba zao za mapumziko za ziwani. Majirani walibeba mitumbwi. Arvo alibaki nyumbani na Colleen, ambaye alikaa pembeni na chemshabongo ya gazeti, akisema amekuja kushuhudia yaya akikamatwa. Walicheza Ijumaa jioni, wakacheza Jumamosi asubuhi, wakala maandazi yaliyopakwa sukari ya rangi ya waridi waliyonunua mjini, wakaendelea. Milango saba ikafungwa mmoja mmoja, wa nane haukuonekana. Saa tisa alasiri ya Jumapili, jua limejaa sebuleni, mchezaji akafika ukumbi wa enzi, na mbele ya kiti palikuwa na mwanamke aliyeinama juu ya beseni.

Ilda akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua kilemba. Chini yake palikuwa na taji jembamba la chuma, na ngozi ya paji la uso ilikuwa imeota kuzunguka chuma kile. Mvulana wa miaka kumi na mmoja akatoka nyuma ya kiti. Ilda akampigia goti. "Bwana mdogo," akasema, "mimi ni mama yako." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyesubiri muda mrefu mno.

Kalamu ya Colleen ikaganda hewani. Aligeuka polepole kumtazama mumewe, akitarajia kuona mtu aliyefiwa.

Arvo alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumbwa, anapumua. Alipumua kama mtu aliyetua gunia baada ya kupanda ngazi za ghala zima. Halafu akaanza kucheka, na machozi yakafuata.

"Wewe! Umeshindwa mbele ya dunia nzima, halafu unacheka?"

"Nimeshindwa zamani, Colleen. Leo ndiyo nimeruhusiwa kusema."

Akamweleza yote: ujumbe, sauti, jibu lake, wiki tatu za matusi. Alipomaliza, mkewe alikunja gazeti akaliweka kando.

"Miaka mitatu nalala na mwongo aliyemsingizia yaya," alisema. "Nilidhani una kidonda cha tumbo. Nikakupikia uji wa shayiri kila asubuhi!"

"Nilikuwa napenda ule uji."

"Nyamaza. Huyo mama umemtafuta?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba nilimvunja."

"Basi tafuta ujue. Ukiogopa ukiwa umekaa hapo, hujui; ukiogopa ukiwa njiani, angalau unafika."

Jioni ile Arvo aliandika barazani. Hakupamba. Alisema nadharia yake ilikufa miaka mitatu iliyopita, kwamba aliyeiua ni Shawna Meekis wa Kenora kwa sekunde arobaini za kusikiliza vizuri, na kwamba yeye, Mkaguzi, alisikia, akaelewa, akaficha. Alingoja mvua ya mawe. Ikanyesha, naam, wengine walimwita tapeli, mmoja akachoma fulana yake akaweka picha. Lakini wengi waliandika maneno mengine. "Na mimi nilimcheka yule dada. Aibu yangu." "Mwenye anwani yake atupe." Arvo alisoma yote hadi chai yake ikapoa, na kila tusi lililomfikia alilipokea karibu kwa furaha, kwa kuwa lilikuwa lake kihalali.

Ujumbe kutoka Kenora uliingia siku ya nne. Maneno yalikuwa machache: "Nimesoma. Jumamosi saa saba mchana, kwenye sanamu ya yule samaki mkubwa pale ziwani. Njoo na tumbo tupu na masikio wazi. S. Meekis."

Colleen ndiye aliyeendesha. Barabara ilikatiza msitu na mawe, msitu na maziwa, na Arvo alijaribisha maneno ya kuomba radhi mpaka mkewe akamwambia akirudia tena "kwa unyenyekevu" atamshusha amwachie nzi weusi waumao wa msituni.

Walipofika, mwanamke mfupi mwenye koti la kazi la mtambo wa maji alikuwa ameketi kwenye meza ya mbao, mbele yake sahani tatu za karatasi zenye samaki wa kukaanga na viazi. Alimtazama Arvo kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe Mkaguzi ni mtu wa kawaida tu," alisema. "Nilidhani una ndevu mpaka magotini."

"Bi Shawna, nimekuja..."

"Kaa kwanza. Samaki hawangoji hotuba. Shemeji, karibu, nawe kaa. Pole na safari ya kumbeba huyu."

"Nimeshazoea mzigo," alisema Colleen, akiketi.

Walikula. Arvo aliweka kipande chake chini. "Nilisikia sauti yako siku ileile," alisema. "Nilijua umepatia. Nilikuacha wakutafune kwa sababu ya jina langu. Sina cha kujitetea."

Shawna aligeuka kutazama ziwa. Boti ilipita, mawimbi yakapiga gati.

"Nililia siku mbili," alisema. "Sikufichi hilo, ulibebe. Mama yangu aliniuliza nani kafa, nikamwambia hajafa mtu, ni yaya wa kwenye gemu. Akaniona nimerukwa na akili." Akacheka kidogo. "Kilichoniuma hata si matusi. Matusi ya watu wasio na sura ni upepo. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kutoyaamini masikio yangu. Kazini nikisikia pampu inalia, nauliza wenzangu, jamani mnasikia? Mimi, niliyesikiliza pampu miaka kumi na minne!"

Arvo aliinamisha kichwa.

"Halafu mwezi wa pili pampu namba tatu ikaharibika," Shawna akaendelea, "nami ndiye niliyeisikia mapema, peke yangu. Tangu hapo nikasema, mkaguzi na akague ngano yake. Sikuacha kucheza, wala usidhani umenizika. Nimeimaliza sehemu ya pili kabla yako, naapa. Jumamosi usiku!"

"Sisi Jumapili," alisema Colleen.

"Nilijua tu! Huyu anapekua kila pipa la kwenye gemu."

Hapo Arvo akahisi kitu kikifunguka kifuani, kimyakimya, bila kishindo. Mwanamke huyu alikuwa mzima. Alikuwa mzima, anatafuna kiazi, anamcheka. Aliokota kipande chake cha samaki akakila chote, kisha cha pili, na Colleen akamsogezea sahani yake.

"Basi umenisamehe?" aliuliza.

"Nusu."

"Nusu tu?"

"Umeniandikia ungamo refu kama Biblia, watu elfu arobaini wamelisoma, na jina langu umelikosea mara sita. Meekis lina 'e' mbili, mzee. Umeandika kama mtu anayepiga chafya."

Colleen alicheka hadi akashika meza. Arvo alitoa simu yake palepale, akavaa miwani, akaanza kurekebisha, moja, mbili, tatu, huku Shawna amemwinamia begani akihesabu na kumsahihisha.

"Hiyo ya nne umeiruka. Hapo, chini ya kidole chako. Haya. Na sasa niambie: ule mlango wa nane, unaojifunga wenyewe, wewe unauelewaje?"

"Siuelewi kabisa," alisema Arvo, na alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa matamu mdomoni.

"Afadhali," alisema Shawna. "Sogea basi, tuanze kuutafuta."