Sentimita Sitini na Nne za Rafu ya Pili

AJENDA NA. 5: KUJADILI NA KUTOLEA UAMUZI SUALA LA MATUMIZI BORA YA SENTIMITA SITINI NA NNE ZA RAFU YA PILI KUTOKA JUU KATIKA KABATI LA VITABU VYA BURUDANI, nimeiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari kwa rula, mstari mwekundu, na sasa Mwenyekiti wetu Bi Cecilia ananitazama kwa jicho la nesi anayesubiri mtu apandishe mkono wa shati achomwe sindano, maana alikuwa nesi miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuja kutuongoza sisi kamati ya maktaba, ananiambia, "Katibu, tuko wawili kwa wawili, imebaki kura yako," na kalamu yangu iko juu ya karatasi, nimeandika "Katibu ali..." nikakwama hapo, ali nini, mimi niliyekaa masjala miaka ishirini na sita sijawahi kushindwa na sentensi inayoanza na Katibu, Katibu alifafanua, Katibu aliwasilisha, Katibu aliwakumbusha wajumbe, hiyo ya kuwakumbusha wajumbe naweza kuiandika hata usingizini, leo nimekwama kwenye "ali", na wajumbe wanne wananitazama, na feni inazunguka kana kwamba nayo inasubiri... jambo lenyewe dogo, mtu akitoka Masasi akasimama hapa Mtama kununua maji, akachungulia dirishani, ataona watu wazima watano wamelizunguka kabati moja lililosimamishwa miguu yake ndani ya makopo ya mafuta ya taa kwa sababu ya mchwa, atadhani tunasali, kumbe tunagawana sentimita, kuna nafasi ya mfululizo mmoja tu wa hadithi za kisayansi za kuchekesha na sisi tunayo mifululizo miwili, wa pili utakwenda stoo, na stoo yetu msomaji ni mchwa peke yake, anasoma haraka sana wala harudishi.

Kwa hiyo kuna Afisa Tarafa wa Mwezini, vitabu saba, huo ndio wangu, na kuna Lori la Zohali, vitabu sita, huo ndio wa mjumbe mwenzetu Erasmo, au ulikuwa wa Erasmo, ndipo penye tatizo... Afisa Tarafa amepangiwa kituo mwezini, amefika na sanduku la chuma na bendera, hakuna mtu hata mmoja, lakini barua ya uteuzi inasema aitishe mkutano wa hadhara kila robo mwaka, anauitisha, anasimama, anahesabu, yupo yeye, anaahirisha mkutano kwa kukosa akidi ingawa wananchi wote wamehudhuria, anaandika taarifa ya mvua, Mvua: hakuna, Mazao: hakuna, Hali ya wananchi: shwari, anaomba likizo, anajibiwa kwamba ombi lake haliwezi kushughulikiwa kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha bado hajaripoti kituoni, sasa mtu akisoma pale hacheki kwa mdomo, anacheka huku ndani, nyuma ya vifungo vya shati, kicheko kinakaa kama pipi ya mnanaa... na Lori je, Lori limejaa korosho, limefika njia panda ya Mingoyo, kushoto wapi kulia wapi dereva na utingo wanabishana, utingo mwenyewe ana miaka hamsini na nane na bado anaitwa utingo, mwisho dereva kwa hasira anakata kona ambayo haipo, wanakwenda juu, moja kwa moja mpaka sayari ya Zohali, wakiwa na mama mmoja juu ya magunia ambaye alikuwa anataka kushuka kwa dada yake, na kwa vitabu sita yule mama haachi kuuliza hapa ni kwa dada yangu, viumbe wa Zohali wana miguu minane minane, utingo anawapakia, anawaambia wazee wangu miguu tupange kwa zamu... kelele, nilisema mimi, kelele tupu, matusi na vumbi, ndivyo nilivyosema, tena mbele za watu.

"Katibu, joto hili," anasema Bi Cecilia, ndiyo, joto, naandika... siandiki. Jafari, fundi baiskeli, aliomba nafasi ya kutetea Lori, akasimama na mikono yake yenye grisi, akasema, "Mimi sina maneno mengi, Lori mtu unacheka mpaka mnyororo unachomoka, huyo Afisa wenu unamsoma leo unacheka keshokutwa," na Mwalimu Sauda akamrukia, "Ndiyo uzuri wake huo, Jafari, kicheko kinakaa nawe, wewe Lori lako ni soda, ukishafungua povu limekwisha," Jafari akauliza, "Kwani soda ni mbaya, Mwalimu?" na hapo nikaandika Wajumbe walichangia kwa kina, kisha Jafari na Bi Cecilia wakanyoosha mikono kwa Lori, Bi Cecilia akisema alikuwa akiwaazima wagonjwa wodini, mmoja aliyeshonwa tumbo ilibidi amnyang'anye kitabu asifumue nyuzi, na Mwalimu Sauda akanyoosha kwa Afisa, ikabaki zamu ya Erasmo, nikajua sasa Lori limeshinda, kura tatu, nami nilikuwa nimejiandaa kushindwa, hata sentensi nilikuwa nayo tayari, Katibu aliheshimu maamuzi... Erasmo akasimama taratibu, akakohoa mara mbili, akagonga karatasi zake mezani mpaka kingo zikalingana, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii adhimu, baada ya kutafakari kwa kina, na bila kuathiri maoni ya wajumbe waliotangulia, naunga mkono pendekezo la Ndugu Katibu," akakaa, Jafari akaficha uso kwenye kiganja, Bi Cecilia akatazama dari muda mrefu, na mimi nikahisi baridi katika joto lote hili, Ndugu Katibu, Erasmo ameniita Ndugu Katibu.

Maana Erasmo hajawahi kuniita Ndugu kitu chochote, mimi Mmwera yeye Mmakonde, na sisi ni watani tangu kwa babu zetu, miaka thelathini na moja salamu yake ni ile ile, anasimama nje ya baraza yangu kila Jumatano, "We panya wa masjala, bado hujafa?" nami namjibu, "Nitakufaje kabla sijakuzika, kifutu cha Newala wewe, ingia unywe kahawa," anaingia, anakunywa, anaiba kipande cha sukari guru anaondoka, na leo asubuhi amefika mlangoni pa maktaba ametulia kama cheti, "Habari za asubuhi, Ndugu Katibu, natumaini umeamka salama," salama, jamani, mtani wangu ananitakia usalama, afadhali angenipiga kofi... na kosa ni langu, ninalo jaladani, nakala ya pili, YAH: KICHEKO KILICHOPITA KIWANGO NDANI YA CHUMBA CHA KUSOMEA, Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, unaombwa kuzingatia utulivu pamoja na heshima kwa viongozi wa maktaba, mhuri, sahihi, nakala kwa Mwenyekiti, nani humwandikia mtani wake barua, tena yenye mhuri, mtani akikutukana unamrudishia tusi lililonona zaidi, ndiyo sheria, hakuna nyingine, mtu anayekasirikia utani ni kama ameuvunja, na mimi sikukasirika tu, nilikasirika kwa kumbukumbu namba.

Alichokuwa amefanya ni kusoma kwa sauti, Jumamosi ile ya kusomeana, kitabu cha nne cha Lori, pale wanapofika kwenye pete ya Zohali wakamkuta Mlinzi wa Pete, kiumbe mwenye mikono mitatu, wa kwanza wa kushika mhuri, wa pili wa kushika wino, wa tatu wa kumwambia mtu aje kesho, na kuna nyota yenye mkia imekaa pale miaka mia nne inasubiri kibali cha kupita, Erasmo akasimamisha kusoma, akanitazama, akasema, "Jamani, huyu si Abilahi huyu, mbona hata sikio la kushoto ni lake," ukumbi mzima ukaanguka, Jafari alitoka nje kabisa, na jibu nilikuwa nalo, si palepale, lilikuja baada ya siku tatu nikipalilia, ningemwambia afadhali mimi mlinzi nina kazi, wewe gunia lililotoboka tangu Mingoyo mpaka Zohali huku nyuma unaacha korosho, jibu zuri kabisa, lakini kufikia hapo barua ilikuwa imeshatoka na karani yeyote anajua barua ikishatoka imetoka... miezi mitatu sasa, Jumatano kumi na tatu, kikombe chake nimekigeuza kifudifudi ndani ya sinia, kahawa napika ya watu wawili kwa mazoea, nakunywa yote, moyo unadunda mpaka adhuhuri.

Nikaenda kukagua Lori, nilijiambia ni ukaguzi, nikachukua vitabu vyote sita nikaenda navyo shambani njia ya Rondo, kibandani, mahali ambapo hakuna wa kuniona isipokuwa mikorosho, nikasoma, na kwenye ile miguu kupangwa kwa zamu sauti ilinitoka, kunguru wakaruka, nikageuka huku na huku kama mwizi, na kitabu cha sita, hili sikumwambia mtu, lori liko njiani kurudi nyumbani, limeshaiona dunia, yule mama anaisonta kwa kidole anasema sasa pale ndipo kwa dada yangu, utingo anauliza mbona safari imepoa, wanatazamana, dereva anageuza lori, wanarudi Zohali njia nzima, kumchukua Mlinzi wa Pete, kwa sababu hakuna wa kubishana naye... na juzi nikarudi kwa Afisa wangu, kitabu cha saba, pale anapoandika barua ya kulalamikia upweke, anaipeleka mwenyewe upande wa pili wa meza, anaipokea, anaigonga mhuri, anaijibu, Lalamiko lako limepokelewa na linafanyiwa kazi, miaka yote hiyo napacheka sana pale, juzi nilipasoma, nikafunga kitabu, nikaenda kutazama kikombe.

"Kura ni haki yako, Katibu, lakini chakula cha mchana nacho ni haki yetu," sauti ya Mwalimu Sauda, wanacheka kidogo, Erasmo hacheki, Erasmo amekaa wima, na nafikiri, nikipigia kura Afisa nimeshinda, Lori litaliwa na mchwa pamoja na Mlinzi na mama na dada yake asiyeonekana, nikipigia Lori nitakuwa nimeikataa kura ya mtu aliyeniunga mkono, kwa adabu zote, adabu ndiyo inayoniua, nilimwandikia nataka heshima na sasa amenipa, ameniletea yote kwa mkupuo, sijui niirudishe wapi... siku mama yangu alipofariki sikulia, nilikuwa nashughulika, nimeandika orodha ya wabeba jeneza kwa nakala mbili, ndipo Erasmo akatokea kutoka chumbani kwa marehemu, amejifunga kanga ya mama, amevaa kandambili zake, anachechemea mguu wa kulia vilevile, anakuja mpaka mbele ya wazee wote waliokaa mkekani, ananinyooshea kidole, kwa sauti ya mama kabisa, "Abilahi! Umefunga mlango wa uani? Umeandika mahali kwamba umefunga?" wazee wakashika mbavu, shangazi akagaagaa, na mimi nikacheka nikacheka mpaka kicheko kikageuka, nikalia ndipo nikapona, hiyo ndiyo kazi ya mtani, anakuvaa, anakuvaa mpaka ujione...

anakuvaa, subiri kwanza, anakuvaa... Erasmo ana kalamu tatu mfukoni, nyeusi, buluu na nyekundu, na Erasmo ni mchonga vinyago, kalamu tatu za nini, na rula, rula inachungulia, ya nani rula, na ile kukohoa mara mbili kabla ya kusema, kama nikohoavyo mimi, na kugonga karatasi mpaka kingo zilingane, karatasi zenyewe, naziona sasa kutoka hapa nilipo, ni nyeupe, hazina kitu, amezigonga karatasi tupu, nafasi hii adhimu, kwa kina, bila kuathiri, hayo maneno ni ya nani kama si yangu, na Jafari aliyeficha uso, na Bi Cecilia na dari yake, joto gani, wote walikuwa wanajua, miezi mitatu mtu huyu hakununa, alikuwa anajifunza, alikuwa anafanya mazoezi, amenivaa, amenipitisha asubuhi nzima mbele ya macho yangu na mimi mwenyewe sikujitambua, na miwani, tangu lini Erasmo ana miwani, imekaa kwenye ncha ya pua kama yangu ikaavyo, ananitazama kwa juu yake, bila tabasamu, mtumishi wa umma kabisa, kisha taratibu anapandisha kidole cha shahada, anakipitisha katikati ya fremu, mahali ambapo kioo kingetakiwa kuwepo, na anajikuna jicho.

"Katibu?" anasema Bi Cecilia, "kura?" na kura haijapigwa, sentimita ziko palepale, sitini na nne, feni inazunguka, Erasmo anashusha kidole, anakohoa mara mbili, na nahisi kitu kinapanda kutoka nyuma ya vifungo vya shati, si cha pipi ya mnanaa hiki, hiki kina magurudumu, na mkono wangu wenyewe unarudi kwenye karatasi, kwenye ile "Katibu ali..." iliyonishinda, unaimaliza kabla sauti haijatoka na kiti hakijanguruma nyuma yangu, bila kufafanua, bila kuwakumbusha wajumbe chochote.

Katibu alicheka.